Mteuzi na Baraza: Historia ya Madaraka ya Uteuzi katika Nyanda za Juu za Buha

Katika kila utawala uliopata kusimama juu ya vilima vya Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, tangu zama za Wami, yaani wafalme, wa Heru na Muhambwe hata zama hizi za halmashauri na wakurugenzi, suala moja limerejea kila ilipobadilika bendera: mtu atakayekusanya kodi, kuamua mashauri madogo na kufikisha amri kwa watu wa kijiji ateuliwe na nani, na akikosea aondolewe na nani? Sheria huandikwa katika miji ya mbali, na hotuba husomwa mbele ya umati. Lakini raia wa Muhambwe au wa Heru Juu huijua Serikali kwa sura ya mtumishi mmoja aketiye mezani, na mtumishi huyo humwogopa yule awezaye kumwinua na kumshusha. Fauka ya hayo, madaraka ya kuteua ni mzizi wa madaraka mengine yote, kwa maana baraza lisilokuwa na sauti katika kuwekwa kwa mtendaji wake huwa na kazi ya kuuliza maswali ambayo mjibuji hana haja ya kuyahofia.

Historia inayofuata inaeleza jinsi madaraka hayo yalivyokaa kwa watu wawili, yakahamia kwa mmoja, yakaahidiwa kurudi kwa wengi, na kisha yakapanda juu zaidi kuliko yalivyopata kuwa.

Mtware na mteko: kabla ya 1896

Waha, wenyeji wa Buha, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kirundi, hawakupata kukusanywa chini ya dola moja. Palikuwa na Heru, ambayo kitovu chake kilikuwa katika vilima vya Kasulu. Palikuwa na Muhambwe katika nchi ya Kibondo. Palikuwa na Buyungu upande wa kaskazini, ambako leo ni Kakonko. Na nyingine kadha kuelekea ziwa la Tanganyika. Kila nchi ilikuwa na Mwami wake wa nasaba ya Watusi, na kila Mwami aliigawa nchi yake kwa watware, ambao walitawala kwa jina lake, wakapokea kwa niaba yake ushuru wa pombe, wa majembe na wa kazi za mikono, na wakaamua magomvi ya raia. Mtware aliwekwa kwa hiari ya Mwami, aghalabu kutoka katika jamaa zake mwenyewe au miongoni mwa waliomtumikia kwa uaminifu, na kwa hiari hiyo hiyo aliweza kuondolewa.

Lakini ardhi aliyoitawala mtware ilikuwa na mlinzi mwingine, ambaye Mwami hakumweka. Huyu alikuwa mteko, mzee wa Kiha wa ukoo ulioaminiwa kuwa ndio uliotangulia kuifyeka nchi ile, na cheo chake kilishuka kutoka kwa baba hata kwa mwana. Mteko ndiye aliyejua mipaka ya mashamba na heshima za mahali. Ndiye aliyefanya ibada za ardhi na za mavuno. Na mgeni aliyehamia mlimani akitaka mahali pa kulima na kujenga alikwenda kwake kwanza, naye akampeleka penye kiwanja, akamwonyesha mwisho wa shamba la jirani na mwanzo wa shamba lake, mbele ya watu waliokuwa tayari kulikumbuka jambo lile kesho kukitokea ugomvi. Mtware angeweza kuwa na ng'ombe wengi na watumishi wengi, ila hakuweza kuifanya kazi hiyo, kwa kuwa watu waliamini kwamba ardhi haikumjua.

Yalikuwa, basi, mamlaka mawili yenye asili mbili: moja lilitoka juu kwa uteuzi, na jingine lilitoka chini kwa urithi na kwa itikadi ya watu. Mtware aliyewachosha watu alihitaji msaada wa mteko ili kuwatuliza, na mteko alihitaji ulinzi wa mtware pindi maadui walipovamia. Haifai kuupamba utawala ule kupita kiasi, kwa maana mkulima wa kawaida hakuulizwa neno juu ya mtware wake, na utaratibu wa bugabire, ambao kwao mtu alipokea ng'ombe na kwa ng'ombe huyo akafungwa katika utumishi, uliwaweka wengi chini ya wachache. Hata hivyo lipo fundisho ndani yake: mteuliwa wa Mwami hakuweza kutawala peke yake, kwa sababu karibu naye alisimama mtu mwenye heshima ambayo Mwami hakuitoa na wala hakuweza kuiondoa.

Bendera tatu: 1896–1925

Mwaka 1896 kapteni wa Kijerumani aitwaye Ramsay alijenga kituo cha kijeshi Ujiji, na toka hapo dola ya Wajerumani ikaanza kupanda kidogo kidogo kuelekea milimani. Kule pwani Wajerumani walitawala kwa maakida na majumbe, watu waliowekwa na serikali na kuhamishwa na serikali. Lakini katika nchi za mbali kama Buha, ambako askari walikuwa wachache na njia zilikuwa ndefu, waliona ni nafuu kuwaacha Wami katika viti vyao, madhali walileta kodi na watu wa kazi. Mwami aliyekubali aliachwa, na aliyekaidi aliadhibiwa. Hivyo lile lililokuwa haki ya ukoo likageuka kuwa kitu cha kuvumiliwa na boma.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, majeshi ya Wabelgiji yalivuka kutoka Kongo, yakaitwaa Kigoma na nchi ya Buha mwaka 1916, nayo yakakaa hata 1921, ambapo Kigoma pamoja na Kasulu na Kibondo zilikabidhiwa kwa Waingereza, ilhali Rwanda na Urundi zilibaki kwa Wabelgiji. Katika muda wa robo karne Waha waliona bendera tatu, na kila bendera ilipopandishwa, Wami na watware walilazimika kujipeleka upya bomani ili watambuliwe. Katika mazoea hayo ya kwenda kutambuliwa, zaidi kuliko katika sheria yoyote iliyoandikwa, ndimo ulimoanzia utegemezi wa mtawala wa Buha kwa mteuzi wa mbali.

Mwami mwenye mshahara: 1926–1952

Sir Donald Cameron, aliyekuwa Gavana wa Tanganyika toka 1925 hata 1931, ndiye aliyeyatia mazoea hayo katika sheria. Kwa Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926 machifu walitambuliwa kuwa sehemu ya utawala wa Serikali, wakapewa mahakama na hazina za wenyeji, na wakapewa uwezo wa kutoa amri katika nchi zao. Kwa sura ya nje hili lilikuwa ni kuwainua Wami, na kwa kweli walipata nguvu ambazo babu zao wasingezidhania, kwa kuwa nyuma yao palisimama polisi na jela za Serikali. Ila kwa sura ya ndani lilikuwa ni kuwafunga, kwa maana Mwami hakuwa Mwami kamili mpaka Serikali imkubali, na mtware hakuwa mtware mpaka jina lake liandikwe katika orodha ya mishahara.

Mshahara ndio uliopindua mizani. Hapo kale mtware aliishi kwa ushuru wa watu wake, na aliyewaonea mno aliwaona wakifungasha vyombo na kuhamia kwa mtware mwingine, akabaki na mashamba matupu. Sasa aliishi kwa fedha iliyotoka hazinani, na alimtazama zaidi Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa Kiingereza, kuliko majirani. Na yule mteko hakuwa na mshahara, wala hakuwa na mahali katika daftari, kwa sababu Serikali haikuwa na safu ya kumwandika mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuijua ardhi. Hakufukuzwa wala hakukatazwa. Aliachwa tu nje ya hesabu, na kuachwa nje ya hesabu katika utawala wa makaratasi ni namna ya kuondolewa.

Katika miaka ya 1930 likaongezeka jambo jingine. Ugonjwa wa malale ulienea katika mapori ya Buha, na Serikali, ili kuwaepusha watu na mbung'o, ikawahamisha na kuwakusanya katika makazi mapya, hasa katika nchi ya Kibondo. Kwa upande wa afya hoja ilikuwa wazi. Kwa upande wa utawala matokeo yalikuwa mazito, kwa kuwa heshima ya mteko ilifungamana na kilima fulani na mto fulani, na watu walipotolewa katika kilima kile walimkuta mbele yao mkubwa wa kuwekwa peke yake. Historia ya Buha ilikuja kulirudia jambo hili baada ya miaka 40.

Kuchaguliwa na kuteuliwa chini ya paa moja: 1953–1971

Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza wenyewe waliona kwamba utawala wa machifu pekee hautoshi, kwa maana vijana waliosoma na wakulima waliouza mazao yao walitaka kusikilizwa. Mwaka 1953 ilitungwa Sheria ya Serikali za Mitaa, iliyofungua njia ya mabaraza yenye wajumbe wa kuchaguliwa, na mwaka huo huo ikatungwa Sheria ya Machifu wa Kiafrika, iliyozidi kukieleza cheo cha chifu kuwa ni cheo cha Serikali. Katika kiti cha Heru alikuwapo wakati huo mwanamke, Mwami Theresa Ntare, aliyekikalia tangu 1946. Na kuketi kwake huko, katika nchi ambayo nguvu zilikuwa za wanaume, ni ushahidi kwamba hata mila ya urithi iliweza kupanuka pale watu na Serikali walipokubaliana.

Uhuru ulipopatikana, mabadiliko yalikuja kwa haraka. Mwaka 1962 makamishna wa kikoloni waliondolewa, na mahali pao wakawekwa wakuu wa mikoa na wakuu wa wilaya walioteuliwa na Serikali ya TANU, ambao kwa vyeo vyao walikuwa pia makatibu wa chama katika maeneo yao; na mwanzoni mwa 1963 vyeo vya machifu vilifutwa kwa sheria. Wami na watware waliondoka pamoja, na watu wengi hawakuwalilia, kwa kuwa walikwisha kuonekana kuwa mikono ya boma.

Mahali pa machifu yalisimama mabaraza ya wilaya yenye madiwani wa kuchaguliwa, na kwa miaka michache ilidhaniwa kwamba mizani imepatikana: mkuu wa wilaya, mteule wa Serikali, angelinda umoja wa taifa jipya, na baraza, chaguo la watu, lingesimamia shule, barabara na zahanati. Lakini mizani hiyo ilikuwa na uzito upande mmoja. Mkuu wa wilaya alikuwa na Serikali nyuma yake na chama mkononi, na baada ya mfumo wa chama kimoja kuanza mwaka 1965 hata jina la mgombea udiwani lilipita katika vikao vya chama. Baraza lilikuwa na dhamana kubwa na mfuko mdogo, na mwaka 1969 mfuko ukapungua zaidi, pale kodi ya vichwa na ushuru wa mazao vilipofutwa. Mabaraza yalilaumiwa kwa uzembe na kwa ubadhirifu, na katika lawama hizo palikuwa na ukweli. Ila ni haki kusema pia kwamba chombo kilichonyimwa mapato na kuzungukwa na wateule kingefanya miujiza kama kingefaulu.

Miaka isiyokuwa na baraza: 1972–1983

Mwaka 1972 Serikali ilitangaza mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, na kwa mpango huo mabaraza ya wilaya yakavunjwa. Jina lilinena juu ya kuyashusha madaraka, na kwa kweli maofisa wengi walitoka Dar es Salaam wakahamia mikoani. Lakini waliohama walikuwa maofisa, na madaraka yao yalihama pamoja nao bila ya kuwafikia madiwani, ambao hawakuwapo tena. Kasulu na Kibondo zilipata wakurugenzi wa maendeleo walioletwa na Serikali Kuu, na kamati za maendeleo ambamo wachaguliwa waliketi pembeni ya wateuliwa wakiwa washauri.

Wakati huo huo ilianza Operesheni Kigoma, ambayo kwayo watu wa Buha, waliozoea kuishi kwa kutawanyika juu ya vilima, kila mji katikati ya migomba yake, waliamriwa kuhamia katika vijiji vya kupangwa kandokando ya barabara. Wako waliohama kwa kutumaini maji, shule na dawa. Wako waliohamishwa kwa nguvu. Kwa mara ya pili, kama ilivyokuwa zama za malale, watu waliondolewa katika ardhi ambayo wazee waliijua, na waliyemkuta katika kijiji kipya alikuwa mtu wa kuwekwa. Sheria ya Vijiji ya 1975 iliunda mkutano mkuu wa kijiji na halmashauri yake, jambo ambalo lilikuwa jema na linadumu hata leo. Lakini mambo makubwa ya operesheni yalikwisha kuamuliwa kabla mkutano huo haujapata kuitishwa, na hapakuwapo baraza la wilaya ambalo lingeweza kumwita mkurugenzi na kumwuliza kwa nini watu wamehamishwa kabla ya mavuno.

Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika mazungumzo yaliyochapishwa mwaka 1984, alikiri kwamba kama angeanza upya asingezifuta serikali za mitaa wala asingevivunja vyama vya ushirika. Ni nadra kiongozi aliye bado madarakani kuungama hivyo hadharani, na ungamo hilo lastahili kukumbukwa kila inapopendekezwa kwamba baraza ni mzigo na kwamba mteule peke yake atafanya kazi kwa wepesi zaidi.

Ahadi ya 1998 na sheria ya 2002

Sheria za 1982, mashuhuri miongoni mwake ikiwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7, zilizirudisha halmashauri, nazo zikaanza kazi mwaka 1984; kisha Katiba ikaingizwa ibara za 145 na 146, ambazo zinaeleza kwamba lengo la kuwapo serikali za mitaa ni kuyapeleka madaraka kwa wananchi. Madiwani walirudi, lakini watumishi wa halmashauri hawakuwa wao: waliajiriwa na kuhamishwa kwa mamlaka ya Tume ya Utumishi wa Serikali za Mitaa na ya Wizara. Na katika Katiba hiyo hiyo ilibaki ibara ya 36, inayompa Rais madaraka ya kuanzisha nafasi za utumishi na kuteua viongozi wake. Ibara hizo zimekaa katika kitabu kimoja tangu hapo, na historia ya halmashauri kwa miaka 40 iliyofuata ni historia ya ibara ya 36 kuishinda ibara ya 146 kila zilipokutana.

Mara moja tu ilielekea mambo yangegeuka. Oktoba 1998, baada ya mfumo wa vyama vingi kurejea, Serikali ilitoa sera ya uboreshaji wa serikali za mitaa, iliyokusudia kwamba halmashauri ziwe waajiri kamili wa watumishi wao, na kwamba watumishi hao wakatwe kamba iliyowafunga kwa wizara zao. Sheria za 1999 zilianza kuifungua njia. Diwani wa Kibondo aliyeisoma sera hiyo alikuwa na haki ya kuamini kwamba siku ingefika ambapo baraza lake lingetangaza kazi, likawasaili waombaji na kumchagua mkurugenzi.

Siku hiyo haikufika. Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya 2002 iliwaunganisha watumishi wote wa nchi katika utumishi mmoja, ikaifuta sheria ya zamani ya utumishi wa serikali za mitaa, na madaraka yaliyokuwa yakishuka yakasimama na kurudi juu. Sababu zilizotolewa hazikuwa za uongo, na kwa wilaya kama hizi zetu zilikuwa na uzito wa pekee. Kibondo ni mbali, na kwa miaka mingi njia yake ilikuwa mbovu; mganga au mhandisi aliyepangiwa huko aghalabu hakuripoti, na halmashauri isiyokuwa na mapato ya kutosha isingeweza kumvuta kwa mshahara wake yenyewe. Isitoshe, palikuwa na hofu ya undugu: kwamba madiwani, wakipewa kalamu ya kuajiri, wangewaajiri watoto wa ndugu zao. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, ila dawa iliyoletwa iliponya ugonjwa mmoja kwa kuleta mwingine, kwa maana undugu wa kijijini uliondolewa, na mahali pake ukaingia utiifu wa mbali.

Kasulu na Kibondo baada ya 2010

Katika uchaguzi mkuu wa 2010 nchi ya Buha ilionyesha kwamba watu wake wana mawazo yao. Chama cha NCCR-Mageuzi kilitwaa majimbo manne ya mkoa wa Kigoma, likiwamo la Muhambwe katika Kibondo, alikoshinda Felix Mkosamali, na mawili ya Kasulu, ambako Moses Machali alishinda mjini na Agripina Buyogela vijijini. Kwa kuwa mbunge wa jimbo ni mjumbe wa baraza la wilaya yake, sauti za upinzani ziliingia katika vikao vya halmashauri zikiwa na uzito ambao haukuwapo kabla. Lakini mkuu wa wilaya alibaki mteule wa Rais, na mkurugenzi alibaki mteule wa Serikali Kuu; na hata wilaya zilipogawanywa mwaka 2012, Buhigwe ikitoka Kasulu na Kakonko ikitoka Kibondo, kila wilaya mpya ilipokea viongozi wake wakuu kutoka juu kabla haijamaliza kujenga ofisi zake.

Mwenye kutaka kuiona mizani hiyo kwa macho na ahudhurie kikao cha Baraza la Madiwani katika halmashauri yoyote ya Buha. Mwenyekiti, aliyechaguliwa na madiwani wenzake, anaingia akiwa amevaa joho, watu wote wanasimama, na sala inasomwa. Kando yake anaketi mkurugenzi, ambaye kwa sheria ni katibu wa kikao, na nyuma yake wanapanga mstari wakuu wa idara, kila mmoja na jalada lake. Diwani anasimama na kusema kwamba zahanati ya kata yake ilitengewa fedha, lakini kuta hazijapanda tangu masika yaliyopita. Mkuu wa idara anajibu kwamba suala linashughulikiwa. Diwani anauliza tena, na mwenyekiti anaagiza taarifa iletwe kikao kijacho. Baraza lina uwezo wa nidhamu juu ya watumishi wengi, na katika halmashauri mbalimbali nchini mabaraza yamepata kuwasimamisha na hata kuwafukuza. Lakini kabla ya kikao kijacho barua ya uhamisho yaweza kufika kutoka Wizarani, na yule aliyeagizwa kuleta taarifa akawa yuko mkoa mwingine, na anayeketi katika kiti chake hajui lolote juu ya zahanati ile. Baraza limejaliwa kumwadhibu mtu lisiyemchagua, na halijaliwi kumzuia asiondoke kabla ya kujibu.

Katika kijiji jambo ni lile lile kwa kipimo kidogo. Mwenyekiti wa kijiji huchaguliwa na watu naye hana mshahara. Mtendaji wa kijiji huajiriwa na halmashauri naye analipwa. Mwananchi anayetaka barua ya utambulisho au anayedaiwa mchango humwendea mtendaji. Na mkutano mkuu ukimkataa mtendaji kwa sababu hakusoma mapato na matumizi, azimio lake hupelekwa kwa mkurugenzi, na mara nyingi hukumu inayotoka ni kumhamishia kijiji cha pili, ambako watu hawana habari ya lililotokea katika kile cha kwanza.

Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliwateua kwa mpigo mmoja wakurugenzi 185 wa halmashauri za nchi nzima, na kuanzia hapo hapakuwa na shaka tena ni nani aliyeshika kalamu. Suala likafika mahakamani kwa mlango wa uchaguzi, kwa kuwa sheria iliwafanya wakurugenzi kuwa wasimamizi wa uchaguzi katika majimbo: Mei 2019 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi iliyofunguliwa na Bob Chacha Wangwe, kwamba hilo halipatani na Katiba, na Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Mwezi uliofuata, katika uchaguzi wa vijiji na vitongoji, wagombea wengi wa upinzani waliondolewa na wasimamizi wasaidizi, ambao walikuwa watendaji, vyama vikuu vya upinzani vikajitoa, na CCM, chama tawala, ikapata zaidi ya asilimia 99 ya viti. Hapo mduara ulikamilika: yule aliyeteuliwa kumtumikia mchaguliwa ndiye aliyeamua ni nani astahiliye kuchaguliwa.

Mizani ya majirani

Wenzetu wamelijaribu suala hili kwa njia nyingine. Uganda, kwa Katiba yake ya 1995, ilizipa wilaya tume zao za utumishi, ambazo wajumbe wake huwekwa na baraza la wilaya kwa idhini ya Tume ya Utumishi wa Umma ya taifa, hivyo kwamba ajira haifanywi na diwani mmoja mmoja wala haifanywi na wizara. Hata hivyo, mwaka 2005 cheo cha mtendaji mkuu wa wilaya kilirudishwa katika tume ya taifa. Kenya, kwa Katiba ya 2010, iliweka kwamba gavana wa kaunti akiwateua mawaziri wake, bunge la kaunti liwasaili na kuwaidhinisha au kuwakataa. Katika nchi zote mbili yamekuwako mapatano ya gizani na ugomvi usiokwisha, lakini hata ugomvi huo unafanywa mbele ya watu, na mteuliwa anaingia kazini akijua kwamba kuna pande mbili zilizomkubali na pande mbili zinazoweza kumwuliza.

Linalofaa kufanywa

Fuata nyuki ule asali, walisema wahenga, na mtumishi naye humfuata yule kitokako cheo chake. Hili si kosa la mtumishi, ni tabia ya binadamu, na sheria njema hujengwa juu ya tabia hiyo badala ya kuilaani. Tangu mtware alipoanza kulipwa na hazina mpaka mkurugenzi anayeteuliwa kutoka Ikulu, kila zama zilizouondoa upande mmoja wa mizani ziliahidi wepesi wa kazi, na kila mara wepesi huo ulilipiwa na raia ambaye hakuwa na mahali pa kulalamikia.

Kuirejesha mizani hakuhitaji kuuvunja utumishi mmoja wa umma, wala kuwaachia madiwani kalamu bila kizuizi. Serikali Kuu na iendelee kuwapima waombaji wa ukurugenzi kwa elimu na uzoefu, ili hofu ya undugu ipate dawa. Kisha majina ya watatu waliofuzu yaletwe mbele ya Baraza la Madiwani, na baraza, kwa kikao cha wazi na kwa sababu zilizoandikwa, limchague mmoja. Mkurugenzi na mkuu wa idara wasihamishwe mpaka wamekwisha kujibu hoja walizoagizwa na baraza, na baraza likimkataa mtumishi kwa theluthi mbili ya kura, mtumishi huyo awe na haki ya rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma, asionewe. Na katika kijiji, mtendaji aliyekataliwa na mkutano mkuu asipelekwe kijiji kingine kabla hesabu zake hazijakaguliwa na matokeo kusomwa mbele ya watu wale wale waliomkataa. Hayo yote yanaweza kuandikwa katika marekebisho ya sheria mbili, ile ya 1982 na ile ya 2002, bila ya kugusa Katiba, kwa maana Katiba katika ibara ya 146 imekwisha kuyaagiza.